Barua ya Wazi kwa Jumuiya ya Kikristo Tanzania: Juu ya Vitabu vya Akina Mama wa Kanisa

Kwa Waheshimiwa Baba Maaskofu, Wachungaji na Wakuu wa Idara za Wanawake,
Jumuiya ya Kikristo Tanzania,
Dodoma.



Nawaleteeni waraka huu hadharani kwa kuwa jambo lililomo ndani yake si siri ya mtu mmoja wala haja ya usharika mmoja. Ni haja ya maelfu ya wanawake ambao kila juma, wakiisha kulima, kupika na kuchota maji, hujifunga vitenge vyao vya sare wakaenda kanisani kusali, kuimba na kusikia somo, kisha hurudi majumbani mwao na sala na nyimbo lakini mikono haina kitabu. Twahitaji vitabu vya imani vya Kiswahili, vilivyoandikwa kwa ajili ya mwanamke mwenye akili timamu, vyenye kumfundisha utume wa Kanisa, kumfumbua macho juu ya haki, na kumkuza rohoni. Navyo viwe rahisi kupatikana hata kwa mama wa kijiji kilicho mbali na barabara ya lami.

Niruhusuni niwaonyeshe kikundi chetu kilivyo. Twakutana Alhamisi alasiri katika ubaraza wa kanisa, tumetandika mikeka, kopo la sadaka liko katikati. Kitabu chetu cha masomo ni kimoja. Jalada lake lilitoka zamani, likawekwa badala yake karatasi ya kalenda iliyoshonwa kwa uzi mweusi, na kurasa za katikati zimekuwa laini kama kitambaa kwa kupita mikono mingi. Katibu husoma, nasi twasikiliza. Akifika mahali ambapo wino umefifia, huendelea kwa moyo, maana maneno yale ameyasoma miaka mingi. Ndani yake mna mafundisho juu ya subira ya mke, usafi wa nyumba, malezi ya watoto na utii. Sina nia ya kuyadharau mafundisho hayo, kwa kuwa subira ni tunda la Roho, na nyumba safi ni baraka kwa wote wakaao ndani yake. Lakini mwanamke anayefundishwa subira peke yake, mwaka baada ya mwaka, bila ya kufundishwa ni dhuluma gani isiyostahili kuvumiliwa, amepewa nusu ya Injili akaambiwa ni nzima.

Mwenzetu mmoja alifiwa na mumewe. Arobaini haijatimia walifika shemeji zake na ndoo ya chokaa, wakaingia shambani, wakapita mchungwa kwa mchungwa wakitia alama katika mashina, hii ya kaka mkubwa, hii ya mdogo, hii ya mtoto wa shangazi, naye mjane amekaa mkekani mlangoni pake, amejitanda kanga, akitazama miti aliyoipanda na kuimwagilia kwa mikono yake ikigawanywa pasipo yeye kuulizwa neno. Kikundi kilikwenda. Kilipeleka unga, sukari na mafuta, kiliimba, kilisali kwa machozi, na katibu akasoma somo la subira, kwa sababu ndilo lililokuwamo kitabuni. Hapakuwa na ukurasa wa kumwambia yule mjane kwamba hakuna jamaa mwenye mamlaka ya kugawanya mali ya marehemu kabla mahakama haijamteua msimamizi wa mirathi, na kwamba yeye mwenyewe aweza kwenda mahakamani akaomba usimamizi huo kwa jina lake. Maarifa hayo yangalitosha katika kurasa mbili.

Wala asiseme mtu kwamba mambo kama haya ni ya wanasheria na hayana nafasi katika kitabu cha ibada, maana yamo katika Maandiko tangu zamani za Musa. Binti watano wa Selofehadi, ambao habari yao imo katika Hesabu sura ya 27, walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa na kuhani na wakuu na mkutano wote, wakadai fungu la baba yao asiyeacha mwana wa kiume; na Mwenyezi Mungu mwenyewe akaikubali hoja yao, ikawa sheria kwa Israeli. Mjane wa Luka sura ya 18 hakumwendea kadhi dhalimu kumwomba amfundishe kuvumilia. Alimwendea kudai haki yake, naye Bwana wetu akamfanya mfano wa sala isiyokata tamaa. Ni mara ngapi habari hizi mbili zimesomwa katika vikundi vyetu zikiwekwa bega kwa bega na sheria za nchi tunamoishi? Ingefaa mwanamke Mkristo ajue kwamba amri ya mwaka 1963 iliyoandika sheria za kimila za urithi humnyima mjane fungu lake mwenyewe, ikamwachia kutunzwa na watoto. Kwamba wajane wawili wa Shinyanga walilipeleka shauri lao mpaka mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, nayo mwaka 2015 ikaona kuwa wamedhulumiwa. Kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, aliuza shamba alilorithi kwa wasia wa baba yake, akashitakiwa na jamaa yake wa ukoo, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu huko Mwanza akahukumu kuwa mila imkatazayo mwanamke kuuza ardhi ya ukoo hali mwanamume aruhusiwa ni ubaguzi uliokatazwa na Katiba. Na kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yabatilisha mila yo yote imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mambo haya yamo katika majalada ya mahakama na vitabu vya wanazuoni. Katika kikapu cha mama aendaye kanisani hayamo.

Kanisa katika nchi hizi halikuwa geni kwa kisomo cha wanawake. Huko Mbweni, Unguja, katika miaka ya 1870, wasichana waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa walifundishwa kusoma na kuandika Kiswahili, na Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, alikaa nao kwa miaka mingi akiwa mwalimu wao. Wasichana wale hawakuwa na baba wala ukoo, na kitu cha kwanza ambacho Kanisa liliona kuwa wastahili kupewa pamoja na chakula na nguo kilikuwa kitabu. Nalikumbusha jambo hili kwa kuwa nalihesabu kuwa sharafu ya Kanisa letu, na sharafu iliyorithiwa yataka kuendelezwa.

Tena hazina tunayoihitaji aghalabu imekwisha andikwa. Mwaka 1989, huko Legon, Accra, wanawake wa Afrika wenye elimu ya dini walikusanyika, akiwaongoza Mercy Amba Oduyoye wa Ghana, wakaahidiana kuandika wao wenyewe juu ya imani, mila na maisha ya mwanamke wa bara hili, yasije yakaandikwa na wageni peke yao. Tangu siku zile kalamu zao hazikupumzika. Esther Mombo wa Kenya amefundisha Limuru na kuandika juu ya wanawake katika Kanisa; Musa Dube wa Botswana ameifafanua Biblia mbele ya msiba wa ukimwi; na Musimbi Kanyoro, Mkenya aliyekuwa mshauri wa tafsiri za Biblia, alikwenda Bware, magharibi ya Kenya, akakisoma Kitabu cha Ruthu pamoja na wanawake wa kijiji, akasikiliza jinsi wao, waliojua ujane na kurithiwa na ndugu wa mume na maisha ya ukweni, walivyowaelewa Ruthu na Naomi. Matunda ya kazi ile yalitoka katika kitabu mwaka 2002, kwa Kiingereza. Nakiheshimu sana kitabu kile, na kwa sababu hiyo naona uchungu kwamba fikira zilizokomaa kwa kusikiliza wanawake wa kijiji kimoja zimefungiwa mahali ambapo wanawake wa vijiji vingine hawawezi kuzifikia. Ruthu akisomwa hivyo katika vikundi vya Muheza, vya Rungwe au vya Musoma, naamini akina mama wangekuwa na la kuongeza ambalo maprofesa wangefurahi kulisikia.

Mfano wa mpango ninaouomba upo. Mwezi Machi mwaka 1869, siku ya mvua kubwa, wanawake wanane wa Kimethodisti walikutana katika kanisa moja la Boston, Marekani, wakaunda chama cha utume; kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamekwisha wapeleka Uhindi mwalimu Isabella Thoburn na tabibu Clara Swain, na kuanzisha gazeti lao wenyewe. Waliowarithi wana desturi ya kuchagua vitabu na kuvipanga katika mafungu matano, elimu ya utume, uongozi, malezi ya jamaa, matendo ya haki katika jamii, na makuzi ya kiroho, na kila mwanachama huhimizwa asome katika kila fungu, asije akachagua lile limpendezalo tu. Hapo ndipo penye hekima ya desturi ile: apendaye sala hulazimika kusoma juu ya wafungwa na wakimbizi, na apendaye kutetea watu hulazimika kukaa kimya mbele za Mungu.

Hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta jinsi ya kulitenda jambo hili, maana nchi yetu imelitenda. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi mjini na vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana juu ya malaria na kuhara, kisha wakatoka wakafyeka vichaka na kuchimba vyoo. Mama zetu walikuwamo. Wako pia waliosoma gazeti la Elimu Haina Mwisho kule kanda ya ziwa. Walifundishwa herufi wakiwa watu wazima, wana watoto mgongoni, na furaha yao ya kuweza kusoma jina lao ilikuwa kubwa. Baadaye kampeni zikaisha, vijitabu vikachakaa, na wengi wao wakabaki na Biblia na kitabu cha nyimbo tu. Kwa hiyo nisikiapo ikisemwa kwamba akina mama hawasomi, hunihuzunisha, kwa sababu wanawake hao hao huzijua namba za nyimbo za Tumwabudu Mungu Wetu kabla ya mchungaji hajazitaja. Hawakosi hamu ya kusoma.

Husemwa pia kwamba fedha hakuna. Katika sharika zetu, siku ya sadaka ya mavuno, kuku mmoja hunadiwa, mnunuzi akamrudisha madhabahuni, akanadiwa tena na tena, mpaka bei yake ikawa bei ya mabati. Na wanaonyanyua mikono katika minada hiyo, nyote mwajua, wengi wao ni wanawake. Wamejenga paa, wamenunua vinanda, wamewasomesha wachungaji. Haiwezekani kwamba watu wenye ukarimu wa kadiri hiyo wakose fedha za kuchapia kijitabu.

Na wako wahofuo kwamba kitabu cha haki kitawafanya akina mama kuwa wakaidi. Sitawatukana kwa hofu hiyo, kwa sababu baadhi yao ni watu wema. Nitasema tu kwamba Kanisa la Kilutheri lilipokubali mwaka 1990 wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, hofu za namna hiyo zilikuwa nyingi, na leo watoto wetu wanabatizwa kwa mikono ya wanawake hao wala hakuna ashangaaye.

Ombi langu, basi, ni hili. Undeni halmashauri ndogo ya kuchagua vitabu, na wengi wa wajumbe wake wawe wanawake, wawemo wa vijijini. Chagueni vitabu vitatu kwa mwaka, kimoja cha utume, kimoja cha haki, kimoja cha kukuza roho, viwe na maswali ya kujadiliwa na jambo la kutendwa mwishoni mwa kila sura. Waandikieni wenye vitabu vile vya Kiingereza, waombeni idhini ya kuvitafsiri. Wafasiri tunao miongoni mwa waalimu wastaafu, ambao Kiswahili chao ni fasaha na muda wanao. Vitabu vipigwe chapa hapa nchini, kwa herufi kubwa zisizowaumiza macho wazee, na bei isizidi bei ya kilo mbili za sukari. Visomwe pia katika redio za Kanisa, kama Sauti ya Injili ya Moshi, kwa ajili ya wasioona na wasiojua kusoma. Na kitabu cha kwanza, nawasihi, kiwe juu ya mirathi: habari ya binti za Selofehadi, sheria za nchi kwa maneno mepesi, na maelezo ya jinsi mjane aombavyo usimamizi, nani aende naye mahakamani, na karatasi gani achukue.

WAWATA, umoja wa dada zetu Wakatoliki ulioanzishwa mwaka 1972, nao wana vikundi kila parokia, na sioni sababu ya kutowaalika tuvichapishe vitabu hivyo pamoja. Dhuluma ya mirathi haiulizi mtu alibatizwa katika kanisa gani.

Naomba jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano ujao wa Idara za Wanawake, na majibu yenu, yakiwa ya kukubali au ya kukataa, yasomwe katika sharika kwa sauti, ili kila mama ayasikie. Kikundi chetu kimekwisha changa fedha za nakala za kwanza. Ziko kwa katibu, zimeandikwa daftarini kwa majina ya waliotoa, na yule mjane jina lake limo.

Wenu katika Kristo,
Mama wa usharika,
Muheza.