Sura ya Babu, Bei ya Tajiri

Kuna uongo ambao Detroit imeuuza kwa karibu miaka 20, na wasee wengi wa Nairobi wameumeza bila hata kutoa shilingi, kwa kusambaza picha tu. Eti Mustang, Camaro na Challenger za kisasa ndizo warithi halali wa magari ya misuli ya zamani. Wapi! Zimerithi pua na macho. Tabia hazikurithi.

Tuanze na doh, maana huko ndiko mambo yalikoanzia. Kwa toleo la 1964, mainjinia wa Pontiac, John DeLorean akiwa mmoja wao, walichukua Tempest, gari la kawaida la familia, wakalipachika injini ya V8 ya lita 6.4 iliyokusudiwa magari makubwa ya kampuni. Wakaliita GTO. Fomyula yote ni hiyo: bodi ya bei rahisi, injini ya fujo. Aprili 1964 Ford wakaleta Mustang kwa dola 2,368. Sawa, ya bei hiyo ilikuwa na silinda sita tu, lakini sikiza hesabu. Mshahara wa chini wa serikali kuu ya Marekani ulikuwa dola 1.25 kwa saa. Hizo ni saa kama 1,900, chini ya mwaka mmoja wa kazi. Leo Mustang ya bei ya chini kabisa inapita dola 30,000, na mshahara huo umekwama kwa dola 7.25 tangu 2009. Saa zaidi ya 4,100. Miaka miwili, na bado hujala wala kulipa nyumba.

Plymouth walienda mbali zaidi. Mwaka wa 1968 walitoa Road Runner, chini ya dola 3,000, haina mazulia, haina madoido, na honi yake inamuiga yule ndege wa katuni. Gari la utani, kwa kijana asiye na ganji, lenye injini ya kumwaibisha tajiri kwenye taa za barabarani. Niambie leo ni kampuni gani ya Marekani inamuundia kijana wa aina hiyo gari.

Najua jibu mliloshika mkononi: mpya ni bora. Ni kweli, na mimi sitetei mabati. (Sina digrii ya uhandisi. Sina digrii yoyote, niliacha chuo mwaka wa pili.) Mengi ya yale magari yalikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne, na kona ziliyatisha. Hata zile nguvu za farasi 425 za Hemi zilipimwa injini ikiwa peke yake, haijabebeshwa mizigo inayobeba ndani ya gari. Ilipofika 1972 kampuni zilibadilisha kipimo na tarakimu zikaporomoka. Mustang ya 2015 yenye silinda nne na turbo ingeziacha nyingi za zile V8 tunazoziabudu. Lakini hiyo hiyo Mustang inacheza sauti ya injini kupitia spika za ndani. Gari lenye mbio za kweli, halafu linaona haya sauti yake!

Zile za kwanza ziliuawa na bima iliyopandishwa kwa vijana, sheria za moshi, kisha mafuta ya 1973. Zilipofufuliwa, Mustang ya 2005, Challenger ya 2008, Camaro ya 2009, hazikumrudia kijana. Zilimfuata mtu yule yule aliyekuwa kijana 1969, sasa ana pensheni na gereji ya magari mawili. Aliuziwa ujana wake kwa mkopo.

Na huo ujana ulifagiliwa kwanza. Challenger ya 1970 iliundwa Dodge Main, kiwanda cha Hamtramck, ndani ya Detroit. Hapo hapo, Mei 1968, wafanyakazi waligoma kwa sababu laini ya uundaji ilikuwa inaharakishwa kupita kiasi, na wafanyakazi weusi wakaunda DRUM, vuguvugu lililopigana na kampuni na pia na chama chao wenyewe cha wafanyakazi. Mwaka mmoja kabla, watu 43 walikufa katika ghasia za Detroit. Haya hayamo kwenye tangazo. Kwenye tangazo la 2010, George Washington anawatimua askari wa Mwingereza kwa Challenger, bendera ikipepea. Gari lenyewe liliundwa Brampton, Canada, nchi ambayo mfalme wake hadi leo ni wa Uingereza. Ningekuwa nimeandika kichekesho hicho mimi, mhariri angekikata.

Hapa kwetu uabudu huu ni wa ajabu zaidi. Sheria ya Kenya haikuruhusu kuingiza ndai ya miaka zaidi ya minane, wala ya usukani wa kushoto kwa matumizi ya kawaida. Camaro na Challenger za kisasa hazikuwahi kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Mustang ilianza 2015. Tunagombania kwenye simu kitu ambacho hatungeweza kukiendesha, huku msee wa Subaru ya mtumba, aliyechanga miaka mitatu na kufungua injini yake wikendi, tunamwita mpiga kelele. Yeye ndiye mnunuzi wa GTO. Tumemkosa kwa sababu gari lake halina mistari miwili myeupe juu ya boneti.

Challenger ya mwisho ilitoka Brampton Desemba 2023. Toleo lake la kuaga, Demon 170, lilikuwa na nguvu za farasi 1,025 na bei ya kuanzia ya dola 96,666. Kisha Dodge wakaleta Charger ya umeme, wakaifungia mtambo wa kuiga mngurumo wa V8. Dodge Main nayo ilifungwa 1980 na kubomolewa, na sehemu ya mtaa wa Poletown, nyumba, makanisa na maduka, ikabomolewa pamoja nayo ili GM wajenge kiwanda. Siku hizi humo wanaunda magari ya umeme. Hakuna aliyewatengenezea watu wa Poletown toleo la kumbukumbu.