Kodi Iliyofutwa Hulipwa na Nani?

Hakuna tangazo la bajeti linaloshangiliwa kama tangazo la kufutwa kwa kodi. Shangwe hiyo ina sababu zake, wala haistahili kubezwa. Lakini nyuma yake liko swali ambalo wengi wetu hatuliulizi: kazi iliyokuwa ikifanywa na fedha zile, sasa itafanywa na fedha zipi, na atakayezitoa ni nani? Swali hili linawahusu sana wakazi wa Mbeya na Iringa, kwa kuwa halmashauri zao hutegemea kile kinachotoka shambani na msituni: mpunga wa Mbarali na Kyela, viazi na chai ya Rungwe, mahindi ya Iringa, chai na mbao za Mufindi.

Tuanze na kodi ya maendeleo. Kodi ya kichwa ilikwisha kufutwa mwaka 1969, na mwaka 1972 serikali za mitaa zenyewe zikavunjwa. Ziliporejeshwa katika miaka ya 1980, kodi ile nayo ilirejea, kwa jina jipya la kodi ya maendeleo. Ilikuwa kodi nzito kwa maskini, kwa sababu fukara na mwenye uwezo walidaiwa viwango visivyopishana sana. Walioishi zama zile wanawakumbuka mgambo, vizuizi vya barabarani, na wanaume waliojificha porini kwa kukosa stakabadhi. Mwaka 2003, katika bajeti iliyosomwa na Waziri wa Fedha wa wakati ule, Basil Mramba, kodi hiyo ilifutwa pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo uliokuwa kero. Kuifuta ilikuwa ni haki, na hatuombi irudi.

Tatizo ni lile pengo lililobaki. Serikali Kuu ilikubali kulifidia kwa ruzuku. Tangu hapo halmashauri, ambayo zamani ilimhitaji mlipaji wa kijijini, ikazidi kuitazama Hazina. Ruzuku ikichelewa, zahanati inasubiri na barabara ya shamba inasubiri. Utaratibu ulitaka asilimia 20 ya fidia ile ishuke hadi vijijini, lakini ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja zaidi ya mara moja halmashauri ambazo hazikuifikisha. Mwananchi naye, kwa kuwa hakushika tena stakabadhi mkononi, alijiona hana cha kudai.

Je, aliacha kulipa? Hakuacha. Ulipofika wakati wa kujenga shule za sekondari za kata kwa kasi kubwa, kuanzia mwaka 2006, wananchi walichangishwa fedha, matofali, mawe na nguvu zao. Asiyetoa alifuatwa na mtendaji. Shule hizo ni neema, na watoto wetu wamesoma humo. Lakini tuite kitu kwa jina lake: mchango ambao mtu hawezi kuukataa ni kodi. Tena ni kodi isiyo na kiwango kilichowekwa na sheria, na mara nyingi hesabu yake haisomwi.

Tuje kwenye ushuru wa mazao. Bajeti ya mwaka 2017/18 iliushusha kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Tuchukulie, kwa mfano, lori la mahindi lenye magunia 100, kila gunia likiwa limenunuliwa kwa shilingi 50,000. Mzigo wote ni shilingi milioni 5. Kwa kiwango cha zamani halmashauri ingepata shilingi 250,000. Kwa kiwango kipya inapata 100,000. Kisheria anayelipa ni mnunuzi, lakini kila mkulima anajua kwamba mnunuzi huukata ushuru huo katika bei anayompa. Kwa hiyo punguzo lile ni nafuu kwa mkulima, endapo mnunuzi atairudisha katika bei.

Sasa angalia upande wa pili. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, kila halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika lori lile moja, fungu hilo linashuka kutoka shilingi 25,000 hadi 10,000. Kwa Muislamu anayejiepusha na riba, hili si jambo dogo, kwani milango ya mikopo iliyo wazi kwake ni michache. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro za usimamizi, ikarejeshwa mwaka 2024. Basi fungu hilo hupunguzwa na mambo mawili: mapato yanayoshuka, na amana inayovunjwa.

Hatusemi ushuru upandishwe. Tunasema kwamba kila kodi inapofutwa, wananchi waambiwe siku hiyo hiyo ni kiasi gani kimeondoka, ni chanzo gani kitakachokiziba, na fedha hizo zitafika lini. Na mchango wowote utakaokuja baadaye upimwe kwa kipimo kile kile cha kodi: uwe na kiwango, uwe na stakabadhi, na usimwangukie fukara sawa na tajiri.

Sisi nasi tuna wajibu. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na humo ndimo mapato na matumizi yanapopasa kusomwa. Wangapi katika sisi huhudhuria? Katika misikiti mingi sadaka ya Ijumaa hutangazwa hadharani, na isipotangazwa waumini hunong'ona, nao wana haki. Fedha za kijiji ni nyingi kuliko sadaka ile, na wenye haki ndani yake ni wengi zaidi, wakiwamo yatima na wajane. Basi tuhudhurie, tuulize kwa adabu, na tusiondoke kabla hesabu haijasomwa.