Kusi Nayo Hupita



Kusi inapovuma, mashua hukaa pwani, chungu kikapungua, na deni la dukani likarefuka. Nyumba zetu nyingi zinaujua msimu huu. Tukilia, si dhambi. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia Yusuf hata akapoteza nuru ya macho, machozi yalimtoka, lakini matumaini hayakumtoka. Katika huzuni ile ile aliwatuma wanawe wakamtafute Yusuf na nduguye.

Nasi basi tusikae kungoja tu. Tuzitengeneze nyavu zilizokatika, tusuke ukili, tuwapeleke watoto chuoni hata ada ikichelewa. Kaskazi itarudi, inshallah. Na itukute tu tayari.