Makofi kwa ajili ya fundi

Tarehe 1 Agosti 1971, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Ravi Shankar na sitari yake na Ali Akbar Khan na sarodi yake waliketi jukwaani wakaanza kulinganisha nyuzi. Walipomaliza, ukumbi ukapiga makofi. Shankar akawashukuru kwa mzaha, akisema anatumaini watafurahia zaidi muziki wenyewe.

Kisa hiki husimuliwa ili tuwacheke wasikilizaji wale. Mimi naona hawakukosea sana. Kabla wimbo haujaanza, sauti tupu ya uzi ni kazi ya fundi kuliko ya mpigaji.

Sitari ina nyuzi kuu 6 au 7, na chini yake nyingine 11 hadi 13 zinazoitikia zenyewe zile za juu zikipigwa. Tumbo lake ni buyu kavu, shingo yake ni mti. Lakini siri iko kwenye daraja, kipande cha mfupa au pembe ambacho nyuzi hupita juu yake. Fundi hukisugua kwa tupa mpaka uso wake uwe na mteremko mdogo mno, ili uzi unapotetemeka uuguse na kutoa mvumo. Kazi hiyo huitwa jawari. Kwa kuwa nyuzi huchimba vijia kwenye mfupa, lazima irudiwe kila baada ya muda.

Kwetu wanaisimu, utamu uko katika maneno. Jawari ya sauti kali inayong’aa huitwa khula, yaani “wazi”. Ile ya sauti iliyozibwa ni band, yaani “imefungwa”. Katikati kuna gol, “mviringo”. Maneno matatu yanagawa kitu kisicho na mipaka, kama lugha zinavyogawa rangi. Shankar alijulikana kwa sauti iliyo wazi. Vilayat Khan alipendelea iliyozibwa zaidi, maana alitaka sitari iimbe kama koo la mtu. Ili aweze kuvuta uzi mmoja upite sauti kadhaa kwa pigo moja, ilibidi ala yenyewe iimarishwe, na hapo mpigaji anamhitaji fundi. Naye Nodu Mullick, fundi wa Calcutta aliyemtengenezea Shankar sitari, alisafiri naye na kumpigia tanpura nyuma yake. Shankar tunamjua sote. Mullick je?

Mwaka jana nilipeleka pendekezo la kazi yangu ya mwisho: msamiati wa mafundi wa kisanji. Ninyi mnaokijua mnajua kwamba vibamba vyake vya chuma huvishwa vipete vya waya ili vivume. Mhindi husugua mfupa, sisi tunavisha waya, na wote tunautafuta mvumo ule ule. Pendekezo lilirudi na neno moja pembeni: “Useremala.”

Walimu wetu, sibishi kwa hasira. Najua hoja: maneno ya ufundi ni ya wachache, tena ni majina matupu ya vifaa. Lakini khula, gol na band si majina ya vifaa. Ni njia ya kusikia iliyotiwa katika maneno, na mpigaji huyatumia anapomweleza fundi sauti anayoitaka. Hiyo ni semantiki hai, inayopatikana karakana kuliko maktaba.

Tumerekodi ngano, methali na nyimbo, na ni vyema. Hizo angalau zina wengi wa kuzirudia. Neno la fundi hukaa kati yake na mwanafunzi wake. Mwanafunzi akikosekana, linazikwa na mzee.

Pendekezo langu nitalirudisha mwezi ujao. Nimeongeza kurasa mbili kuhusu jawari. Kichwa chake sijakibadili.