Mshahara wa Mchezaji Si Hisani

Kila msimu wa Ligi Kuu, mabasi ya timu za kabumbu yatokayo Dar es Salaam kwenda kusini hupita Bungu, Kibiti na Ikwiriri, yakavuka Mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kisha yakaendelea na safari ndefu ya Lindi. Kwa miaka sita, tangu 2014 hata 2020, Ndanda ya Mtwara iliipita njia hiyo ikiwa timu ya Ligi Kuu. Tangu mwaka 2019 Namungo ya Ruangwa nayo imekuwa ikiipita. Vijana wa Kibiti husimama kando ya barabara wakayatazama mabasi hayo kwa matumaini, maana kila mmoja wao anayejua kuuchezea mpira anatamani siku moja awe ndani yake. Tamaa hiyo ni njema. Lakini kabla kijana hajaacha jembe au wavu wa baba yake, yafaa aulize jambo moja: wale waliomo ndani ya basi wameshalipwa mshahara wa mwezi uliopita?

Swali hilo halimhusu mchezaji peke yake. Ni swali la kazi na ujira, na kwa hiyo lamhusu kila mfanyakazi wa nchi hii, awe wa kiwandani, bandarini, shambani au uwanjani.

Watu wa Delta ya Rufiji wanaijua haki ya ujira bila ya kufundishwa na mtu. Huko Maparoni, Kiongoroni na Msala, wavuvi wa kambamiti hupatana kabla chombo hakijashuka majini. Chombo kina fungu lake, wavu una fungu lake, na mabaharia wana lao. Samaki wakiuzwa, gharama hutolewa mbele ya macho ya wote, na kinachobaki hugawanywa kama walivyopatana. Bahari ikinyima, mwenye chombo naye hulala bila kitu pamoja na mabaharia wake. Kadhalika wakata boriti wa mikokoni, tangu zamani za majahazi ya Uarabuni, walihesabiwa kazi yao kwa korja, yaani boriti ishirini ishirini. Aliyekata korja tano alidai ujira wa korja tano. Hapakuwa na tajiri aliyeweza kumwambia mkataji, "Nitakulipa endapo jahazi langu litayatangulia majahazi mengine kufika Unguja."

Ajabu ni kwamba neno hilo, ambalo mkata boriti angelicheka, ndilo wanaloambiwa wachezaji katika baadhi ya klabu zetu ndogo. Mwezi unakwisha, mshahara haupo, na badala yake wanaletewa ahadi: shindeni Jumamosi, mtapata bonasi. Wakishinda, hupewa sehemu ya bonasi na kusahaulishwa mshahara. Wakishindwa, hukosa vyote viwili, na juu yake hulaumiwa kwamba hawana uchungu na klabu.

Yatupasa tutenganishe mambo ambayo watu wameyachanganya. Mshahara ni deni la klabu kwa mtu aliyeuza nguvu zake kwa mwezi mzima, mvua na jua, mazoezini na safarini. Fedha za usajili ni bei ya kukubali mkataba, na mara nyingi hulipwa kwa mafungu. Bonasi ni shukrani kwa kazi iliyozidi kutimia, mathalan ushindi au kubaki katika ligi. La kwanza na la pili ni madeni tangu siku ya kutia sahihi. La tatu nalo huwa deni pindi lilipoahidiwa, kwani ahadi ni deni. Lakini la tatu haliwezi kukaa mahali pa la kwanza, kama vile zawadi ya Iddi isivyoweza kuwa badala ya chakula cha mwaka.

Kwa nini basi viongozi wengi wa klabu huipenda bonasi kuliko mshahara? Tufanye hesabu ya mfano. Klabu yenye wachezaji 25, ikimlipa kila mmoja shilingi 800,000 kwa mwezi, yahitaji shilingi milioni 20 kila mwezi, au milioni 240 kwa mwaka. Klabu hiyo hiyo ikitoa bonasi ya shilingi 200,000 kwa watu 20 kila inaposhinda, ushindi mmoja unagharimu milioni 4. Ikishinda mara 10 katika msimu wa michezo 30, gharama yote ni milioni 40, yaani sehemu moja ya sita tu ya mishahara. Lakini mshahara hulipwa kimya kimya, wala haumpatii mtu sifa. Bonasi hutangazwa katika chumba cha kuvalia, wapiga picha wakiwapo, na jina la mtoaji likasomwa magazetini. Mwenye kutafuta sifa kwa bei nafuu ataichagua bonasi, na mchezaji ndiye atakayelipia sifa hiyo kwa njaa ya nyumbani kwake.

Hatusemi kwamba zawadi ni mbaya. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, na nchi nzima ikafurahi. Fedha ile ilitoka nje ya klabu, wala haikuwekwa badala ya mshahara wa mtu yeyote. Hatari iko pale klabu ndogo inapoiga shangwe ya zawadi na kuacha wajibu unaotangulia zawadi.

Viongozi wa klabu ndogo wana jibu lao, nasi twalisikia. Wanasema fedha hakuna. Viingilio vya maana hupatikana siku Simba au Yanga inapofika mjini, na siku nyingine viti huwa vitupu. Safari ni ndefu mno, toka Kagera hadi Ruangwa, na njia zenyewe huweza kukatika, kama ilivyokuwa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya kusini huko Kilwa. Yote hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba msimu wa 2018/19 ligi yenye timu 20 ilichezwa bila ya mdhamini mkuu, na klabu nyingi ziliteseka.

Lakini hali ya leo si ile ya mwaka 2018. Mei 2021 Azam Media na Shirikisho la mpira, TFF, walitia sahihi mkataba wa kuonyesha ligi kwa miaka 10, thamani yake shilingi bilioni 225.6. Mwaka huo huo benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi. Fedha hizo haziwatajirishi wadogo, wala hazigawanywi sawa kwa sawa, maana aliye juu ya msimamo hupata zaidi. Hata hivyo ni mapato yanayojulikana kabla ya msimu kuanza. Mwenye kujua mapato yake hana udhuru wa kuajiri watu asioweza kuwalipa.

Hapo ndipo lilipo kosa kubwa. Fedha ya mdhamini ni kama maji ya Rufiji. Huja kwa wingi, yakalainisha bonde, kisha hupungua. Mkulima mwenye akili hulima kwa kadiri ya nguvu zake na kuweka akiba ya mbegu, naye hakopi kwa kutegemea mafuriko ya mwaka ujao, kwani mafuriko hayo hayo huweza kubeba shamba zima, kama watu wa Rufiji na Kibiti walivyoona Aprili 2024. Klabu zetu hufanya kinyume. Mdhamini akifika, husajiliwa wachezaji kutoka nje na mishahara hupandishwa. Mdhamini akiondoka, mikataba hubaki na fedha haipo.

Mifano tunayo. Singida United ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2017/18 ikiwa na wadhamini kadhaa, na Juni 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho huko Arusha, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar. Baada ya hapo malalamiko ya mishahara yakasikika hadharani, na mwaka 2020 ikashuka. Biashara United ya Mara iliwafunga Al Ahli Tripoli 2-0 hapa nchini Oktoba 2021 katika kombe la Afrika, lakini haikufika Libya kucheza mchezo wa pili, ikatolewa. Wachezaji waliokuwa wameifanya kazi yao uwanjani walipokonywa matunda yake nje ya uwanja. Mwaka uliofuata klabu hiyo nayo ikashuka.

Kwa upande mwingine ziko klabu zilizoshikwa na mwajiri mwenye orodha ya mishahara, kama vile za majeshi na za viwanda vya sukari. Mtibwa ilitwaa ubingwa mwaka 1999 na 2000. Ilishuka mwaka 2024, lakini haikusambaratika, na mwaka 2025 ilipanda tena. Si kila mji una kiwanda au kambi. Lakini kila mji waweza kujifunza desturi moja ya kiwandani, kwamba siku ya mshahara haitegemei mabao.

Tena iko sheria. Mchezaji mwenye mkataba ni mfanyakazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda kama inavyomlinda mwenzake wa kiwandani. Akidhulumiwa aweza kwenda mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kanuni za FIFA tangu mwaka 2018 zinasema kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili aweza kuiandikia klabu, akaipa siku 15, na isipolipa aweza kuuvunja mkataba kwa haki. FIFA imekuwa ikizizuia kusajili klabu zinazokaidi hukumu za madeni, na mwaka 2024 hata Yanga, kwa ukubwa wake wote, ilionja adhabu hiyo mpaka ilipomaliza deni. Yapasa pia klabu imchangie mchezaji katika hifadhi ya jamii na katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mguu ukivunjika, bonasi hukoma siku ile ile, na hapo ndipo mtu hujua kama alikuwa na mwajiri au alikuwa na mfadhili.

Lakini kijana aliyetoka Mbwera au Nyamisati atayajuaje hayo? Hupewa karatasi za Kiingereza, huonyeshwa mahali pa kutia sahihi, na mara nyingine haachiwi nakala. Akidai haki yake, huambiwa ana kiburi, akawekwa benchi, na aliye benchi hapati bonasi ya mchezo. Kwa hiyo hunyamaza. Mtu mwenye njaa na aliyenyamazishwa ni windo rahisi la wenye fedha za siri. Mwaka 2016 TFF ililazimika kuzishusha timu nne za Daraja la Kwanza kwa kupanga matokeo. Sababu za uovu huo ni nyingi, wala hatuutetei. Twasema tu kwamba asiyemlipa mlinzi wa mlango wake asistaajabu mlango ukifunguliwa usiku.

Wako wasemao kwamba mshahara wa uhakika humfanya mchezaji mvivu, na kwamba bonasi ndiyo imtiayo ari. Twawajibu kwa desturi ya wavuvi. Baharia hukubali kulipwa kwa fungu kwa sababu anaona samaki wakihesabiwa na anajua gharama. Klabu ipendayo kuwalipa wachezaji kwa fungu na ifanye hivyo kwa ukweli: ifungue daftari lake, iwaonyeshe viingilio, fedha za televisheni na za mdhamini, kisha wagawane. Haiwezekani kiongozi afiche daftari kama tajiri, halafu amtake mchezaji abebe hasara kama mshirika.

Basi sisi twataka mambo haya yafanywe. Kwanza, klabu isajili idadi ya wachezaji ambayo mapato yake ya hakika yaweza kuwalipa mwaka mzima, na fedha ya televisheni iguswe kwa mishahara kabla ya jambo jingine lolote. Pili, TFF na Bodi ya Ligi, katika kutoa leseni za klabu, zidai ushahidi wa mishahara iliyolipwa kila baada ya miezi mitatu, na asiye nao akatwe pointi. Tatu, mikataba iandikwe kwa Kiswahili, bonasi zikiwa zimetajwa kwa kiasi na kwa siku ya kulipwa, na mchezaji apewe nakala yake. Nne, chama cha wachezaji, SPUTANZA, kiungwe mkono na vyama vya wafanyakazi wengine, maana mchezaji mmoja mmoja hana sauti mbele ya mwenyekiti wa klabu.

Nasi mashabiki tuna sehemu yetu. Katika mikutano ya wanachama huuliza nani atasajiliwa na kocha ataondoka lini. Mkutano ujao na tuulize pia: ni miezi mingapi ya mishahara ambayo klabu yetu inadaiwa, na italipwa tarehe gani? Mwenyekiti atakayejibu kwa tarakimu tumshukuru. Atakayejibu kwa ahadi ya bonasi, tusimpigie makofi.