Shule Ijulikane Kabla ya Siku ya Kwanza

Katika Arua na Koboko wako watoto wanaopelekwa darasa la kwanza asubuhi, na kabla ya adhuhuri huwa wamerudishwa kwao. Watu husema ni wakaidi, au wamerogwa. Baadhi yao wana hali iitwayo usonji, ambayo daktari Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka 1943. Mtoto wa namna hiyo aweza kuwa na akili nzuri sana, lakini jambo geni likimjia kwa ghafula humtia hofu: rimu ya gari inayogongwa kuwa kengele, kelele za darasa lililojaa, kusukumana katika mstari wa uji.

Mimi naona hofu hiyo yaweza kupunguzwa kwa simu ya mkononi. Mwalimu mmoja wa Michigan, Carol Gray, alianzisha hadithi fupi za kuwatayarisha watoto hao mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kanuni yake ni kwamba hadithi ieleze zaidi kuliko kuamuru. Kwa mfano: kengele italia, sauti yake ni kubwa, kisha itanyamaza. Siku hizi picha na sauti hutiwa katika simu, mtoto akatazama mara nyingi apendavyo, wala intaneti haihitajiwi.

Lakini hadithi ya ng'ambo haitatufaa. Ndani yake mtoto hupanda basi la shule, na wetu huenda kwa miguu. Sharti lipigwe picha lango la shule yake mwenyewe, mwembe wake, choo chake, mwalimu wake. Mama aseme maneno kwa Kilugbara akiwa Arua, kwa Kikakwa akiwa Koboko. Tangu 2007 mtaala wenyewe wa madarasa ya mwanzo watumia lugha za kwetu. Tena iwe kweli. Mwalimu akihamishwa, picha ibadilishwe, maana watoto wengi wa namna hii hushika neno kama lilivyosemwa.

Najua hadithi haitapunguza wingi wa watoto darasani, wala haitamfundisha mtu upole. Najua pia kwamba sisi wanafunzi tumekatazwa simu (sitaki kubishana na sharti hilo hapa). Lakini ndugu zetu mliotutangulia, ninyi mnaofundisha shule za msingi, simu mnazo. Wazazi wakikubali, kazi ni ya Jumamosi moja tu ya likizo. Mimi na wenzangu wa Koboko tu tayari kuja kuandika maneno ya Kikakwa.