Pumziko Si Uvivu



Siku moja, katika mafundisho ya Dominika, tulimkemea kijana mbele ya wenzake kwa sababu alisinzia. Tulimwita mvivu. Baadaye ndipo tulipojua kwamba wiki nzima aliendesha pikipiki kutwa, jioni akaenda mazoezi ya kwaya, na usiku akaamka kila mbwa walipobweka, maana jamaa yake ilikuwa imekimbia kijiji chake na hofu ilikuwa haijawaacha. Tuliona haya. Kosa halikuwa lake, lilikuwa letu.

Sisi watu wa Butembo na Beni hujisifu kwa kazi, na tuna haki. Butembo ni mji ulioinuliwa kwa sehemu kubwa na jasho la wafanyabiashara na wakulima wake. Alfajiri utamwona kijana akishuka mlima na chukudu iliyojaa makala, na mama akipanda na mzigo mgongoni, kamba imeshika paji la uso. Kazi hiyo ni heshima yetu. Lakini ndani ya sifa hiyo limejificha wazo baya: kwamba anayepumzika anaiba wakati.

Tena, uchovu wetu hautokani na kazi peke yake. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limezika watu wengi waliouawa mashambani na vitandani mwao. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa huko huko Beni, na hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umechukua watu zaidi ya 2,200. Mtu anayelala huku akisikiliza nyayo za nje, mwili wake umelala lakini roho yake iko zamu. Uchovu wa namna hii si dhambi, wala si upungufu wa imani. Tusimwongezee mtu lawama juu ya mzigo alio nao.

Tumkumbuke nabii Eliya. Alipokimbia hasira ya Yezabeli, alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale, akamtumia malaika na mkate na maji. Akalala tena, akaamshwa tena, akala. Ndipo alipopata nguvu za kutembea siku 40 hadi mlima Horebu. Usingizi na chakula vilitangulia utume. Naye Yezu, mitume waliporudi wamechoka na watu wamewajaa hata wakakosa nafasi ya kula, aliwaita kando wapumzike.

Wengine watatuuliza: asiyefanya kazi leo, watoto wake watakula nini kesho? Swali hili ni la kweli, na hatuwezi kulijibu kwa maneno matupu. Yuko anayekula kwa senti za siku ile ile, huyo hatumhukumu. Lakini amri ya Sabato, kama ilivyo katika Kumbukumbu la Sheria, haikutolewa kwa bwana wa nyumba peke yake. Inamtaja mtumishi, mgeni, hata punda. Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alidai pumziko la Dominika kuwa haki ya mfanyakazi, akafundisha kwamba haki hiyo si ruhusa ya kukaa bure. Basi pumziko si kitu cha kujitwalia tu. Ni kitu tunachopeana.

Hapo tujichunguze. Kaka anapumzika Dominika, huku dada yake akichota maji, akipika na kuosha vyombo hadi usiku: je, nyumba hiyo imeshika amri? Na sisi viongozi: baada ya Misa tunapanga mkutano, baada ya mkutano mazoezi, baada ya mazoezi kikao cha kamati, kisha tunashangaa vijana wakipungua. Tumeifanya siku ya Bwana kuwa siku ya sita na nusu ya kazi.

Kwa maoni yetu, kila kikundi kianze na mambo matatu. Dominika moja kwa mwezi isiwe na kikao chochote baada ya Misa. Wavulana wachote maji siku hiyo, dada zao wakae. Na kila kikundi kiitafute jamaa moja ya wakimbizi iliyo karibu, kiwabebee kuni au kiwalelee watoto kwa saa chache, ili mama mmoja apate kulala mchana bila hofu.

Yule kijana tulimwomba msamaha, mbele ya wenzake wale wale. Dominika iliyofuata alisinzia tena. Tulishusha sauti, tukaendelea kufundisha.

Tumsifu Yezu Kristu.